Mbwa mwenye kisukari akianguka ghafla shambani: namna ya kutambua na nini cha kufanya

Najua wengi wenu mnakuja hapa kutafuta mambo ya kuku, nyanya na ng'ombe wa maziwa. Mbwa huwa hatumzungumzii, labda siku ya chanjo ya kichaa tu. Lakini muulize kijana yeyote mwenye kuku wa mayai na banda lililo mbali na nyumba, atakwambia mbwa mmoja mzuri anaokoa hela nyingi kuliko taa na seng'enge. Na siku hizi wengine mmeingia kabisa kwenye biashara ya kuzalisha na kuuza watoto wa German Shepherd na Rottweiler. Kwa hiyo leo twende na kisukari cha mbwa, hasa zile saa za hatari ambapo mnyama anaanguka na wewe una dakika chache tu za kuamua.

Ndiyo, mbwa anaugua kisukari. Tena sehemu kubwa ya elimu ya kisukari tuliyonayo leo ilipitia kwake. Mwaka 1889 huko Strasbourg, madaktari Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho, na mbwa yule akapata kisukari. Mwaka 1921 pale Toronto, Frederick Banting na Charles Best walipata dawa iliyoshusha sukari kwa mbwa wasio na kongosho, na Januari 1922 kijana Leonard Thompson akawa binadamu wa kwanza kuchomwa. Ile insulini anayochoma bibi yako kila asubuhi, mbwa ndiye aliyeifungulia njia.

Niseme jambo moja mapema. Mimi nina stashahada, kazi yangu ni ugani. Dozi ya insulini inapangwa na daktari wa mifugo baada ya kupima, si mimi na si muuza duka. Haya ninayoandika ni ya kukusaidia utambue tatizo na umfikishe mnyama kwa daktari akiwa hai.

Kinachotokea mwilini

Chukulia ghala limejaa mahindi lakini mlango umefungwa na ufunguo umepotea. Wenye nyumba wanalala njaa huku ghala limefurika. Sukari ndiyo mahindi, damu ndiyo ghala, insulini ndiyo ufunguo. Kwa mbwa mwenye kisukari, kongosho haitoi tena insulini ya kutosha. Sukari inajaa kwenye damu, misuli inakosa chakula. Mbwa mzima huwa na sukari ya kati ya 4 na 6 hivi kwa kipimo cha mmol/L. Ikifika 10 hadi 12, figo zinashindwa kuizuia, inaanza kumwagika kwenye mkojo na kuvuta maji kuondoka nayo. Hapo ndipo unapoona mbwa anakojoa sana, anakunywa maji kama ng'ombe, anakula kila kitu na bado anakonda.

Dalili hizo nne zikija pamoja, usimpe dawa ya minyoo mara ya tatu. Mpeleke akapimwe. Na kuna dalili ya wazee wetu ambayo bado inafaa: angalia anapokojoa. Sisimizi wakijaa hapo baada ya muda mfupi, kuna sukari. Dalili nyingine ni macho kuingia ukungu mweupe, mtoto wa jicho, jambo linalowapata mbwa wengi sana wenye kisukari. Mlinzi ataanza kujigonga kwenye nguzo za banda usiku na wewe utadhani ni uzee.

Ugonjwa huu huwapata zaidi mbwa wa makamo na wazee, kuanzia miaka 5 au 6 kwenda juu, na majike ambayo hayajafungwa kizazi wako kwenye hatari kubwa zaidi, kwa sababu homoni za baada ya joto na za mimba zinapunguza nguvu ya insulini. Ndiyo maana jike anaweza kuanza kuugua wiki chache baada ya kutoka joto.

Dharura ni mbili, na zinapingana

Hapa ndipo watu wengi wanachanganyikiwa. Mbwa mwenye kisukari anaweza kuanguka kwa sababu sukari imeshuka mno, au kwa sababu imepanda kwa siku nyingi mpaka mwili ukajaa sumu. Ukimwangalia amelala chini unaweza kuona ni kitu kilekile. Si kitu kilekile. Hiyo ya kwanza inaua ndani ya saa chache, wakati mwingine chini ya hapo. Ya pili inajijenga kwa siku kadhaa.

Sukari kushuka karibu kila mara inatokana na sindano: insulini imezidi, au imechomwa na mbwa hajala, au amekula akatapika, au amekimbizana na wezi na vicheche usiku kucha kuliko kawaida yake. Inakuja ghafla. Mlinzi anakwambia, "Bosi, saa tatu alikuwa mzima, saa nane nimemkuta anayumba kama mlevi." Anatetemeka, anakutazama kama hakujui, miguu ya nyuma inamlegea, wengine wanalia njaa. Baadaye degedege, halafu anazimika. Ukiwa na mashine ya kupima, utaona chini ya 3.5, mara nyingi chini ya hapo kabisa.

Ile sumu ya sukari ya juu inakuja taratibu. Mwili ukikosa sukari ya kutumia unaanza kuchoma mafuta, na mafuta yakichomwa kwa wingi hivyo yanatoa ketoni, ambazo ni tindikali. Mbwa ambaye wiki iliyopita alikuwa anakula kama mchwa sasa anakataa chakula. Anatapika. Anapumua kwa nguvu na kwa kina hata akiwa amelala. Ukivuta ngozi ya shingo hairudi upesi, maana ameishiwa maji. Pumzi ina harufu ya kileo au ya ile dawa wanayotumia dada zetu kutoa rangi ya kucha. Si kila pua inainusa, kwa hiyo usipoisikia usijiridhishe.

Sasa ukiwa huna mashine na hujui ni ipi? Kama mbwa anachomwa insulini na ameanguka, mchukulie kama sukari imeshuka na umpe sukari. Ikiwa kumbe ilikuwa juu, hicho kijiko ulichompa hakibadilishi kitu, alishakuwa nayo nyingi. Lakini ikiwa ilikuwa chini na wewe ukasubiri kufikiria, ubongo unaharibika kila dakika inayopita.

Kisa cha jike la miaka 8

Kuna kijana katika kata yangu, ana kuku 600 wa mayai na jike la German Shepherd la miaka 8, kilo 28. Lilikuwa linakunywa maji kwenye vinyweshea vya kuku mpaka vijana wa banda wakalalamika. Daktari alipima, akathibitisha kisukari, akaanza kulipa insulini ya binadamu yuniti 12 asubuhi na yuniti 12 jioni, kila sindano pamoja na mlo. Mambo yakaenda vizuri karibu miezi miwili.

Mabomba ya sindano yakaisha. Akaagiza mjini, akaletewa mabomba ya insulini, madogo kama yale ya mwanzo, yana mistari kama yale ya mwanzo. Akavuta mpaka 12, akachoma saa moja jioni, akalifungua jike likaingie kazini.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana kosa hili linaua mbwa. Insulini nyingi ya binadamu ina yuniti 100 katika mililita 1. Insulini iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa, kwa mfano Caninsulin, ina yuniti 40 katika mililita 1. Kila moja ina bomba lake. Lile bomba jipya lilikuwa la yuniti 40. Mstari wa 12 kwenye bomba hilo ni mililita 0.3. Mililita 0.3 za insulini ya yuniti 100 ni yuniti 30. Jike lilipewa dozi mara mbili na nusu. Ukikosea upande wa pili, yaani insulini ya 40 kwenye bomba la 100, mstari wa 12 unakupa chini ya yuniti 5, na mbwa anapanda sukari polepole huku unaamini anatibiwa. Kwa hiyo soma namba kwenye chupa, soma namba kwenye bomba, zifanane. Zisipofanana usichome, hata kama muuzaji anakuapia.

Saa kumi alfajiri mlinzi akamkuta jike amelala ubavu, anapiga miguu kama anaogelea, povu mdomoni. Wazo lake la kwanza, na mimi simlaumu, ilikuwa wezi wamelipa sumu. Akakimbilia maziwa. Watu wetu tumeshika hilo, sumu ni maziwa. Bahati nzuri mwenye mbwa alifika kabla hajamimina, maana kinywaji kikimiminwa kwenye mdomo wa mnyama asiyeweza kumeza kinakwenda mapafuni. Ukimnusuru na sukari, nimonia inamwua siku ya tatu.

Kijana alisubiri degedege ipungue, akachukua asali, akampaka kwenye fizi kidogo kidogo. Baada ya kama robo saa jike likainua kichwa, likakaa, likala uji wa dagaa. Wote wakashangilia, mlinzi akarudi getini. Saa kumi na mbili na nusu likaanguka tena.

Hiyo mara ya pili ndiyo inayowaponyoka wengi. Asali inapanda haraka na kuisha haraka. Insulini iliyozidishwa inaendelea kufanya kazi kwa saa nyingi. Mnyama aliyeamka bado hajapona, umemwazima muda tu. Walimpaka tena, wakampakia kwenye bajaji, daktari akamwekea dripu ya glukosi na kukaa naye mpaka jioni. Jike liko hai.

Hatua zenyewe

Kabla hujanyoosha mkono kwenye mdomo wa mbwa yeyote anayetoa povu au kupiga degedege, jiulize: ana chanjo ya kichaa? Kama hana, kama hujui, au kama siku mbili tatu hizi amekuwa akibadilika tabia, anauma vitu ovyo, anashindwa kumeza, taya limelegea, usimguse. Mfungie, zuia watu na watoto, piga simu kwa mtaalamu wa mifugo. Na kama amekwisha kukuuma au mate yake yameingia kwenye kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Hakuna mbwa wa thamani ya maisha yako.

Kama chanjo ipo na unajua ana kisukari, endelea. Akiwa bado ana fahamu na anaweza kumeza, mpe chakula chake cha kawaida mara moja. Akila, vizuri. Akikataa au akiwa anayumba, mpe glukosi ya unga ile inayouzwa maduka ya dawa, ikorogwe na maji kidogo, ailambe mwenyewe. Kipimo ni kama gramu 1 kwa kila kilo ya uzito. Mbwa wa kilo 25 ni gramu 25, ambazo ni kama vijiko vya chai 5 hadi 6. Huna glukosi, tumia asali, au sukari ya chai iliyokorogwa nzito. Glukosi na asali zinawahi zaidi.

Akiwa ana degedege, usitie vidole kati ya meno na usimzuie kwa nguvu. Ondoa vitu vya kumgonga, mlaze ubavu, shingo imenyooka, kichwa chini kidogo ili mate yatoke. Ikitulia, inua mdomo wa juu pembeni, paka asali au sharubati nzito kwenye fizi na ndani ya shavu, kidogo tu, halafu rudia baada ya dakika chache. Vaa glovu, au tumia bomba la sindano lisilo na sindano kudondoshea. Usimimine. Wakati wewe unapaka, mwingine awe anatafuta usafiri na kumpigia daktari. Degedege isiyokoma ndani ya dakika 5 usiisubirie nyumbani, pakia huku unapaka.

Akiamka mpe mlo mdogo wenye wanga, ugali na dagaa au wali na nyama kidogo, kisha mwangalie kila baada ya nusu saa mpaka saa moja kwa muda wote ambao ile insulini bado inafanya kazi. Sindano inayofuata usichome mpaka uongee na daktari.

Onyo jingine. Ikiwa nyumbani kuna mgonjwa wa kisukari, huenda kuna kile kitamu cha chai kisicho na sukari. Hicho hakipandishi sukari, kwa hiyo hakimsaidii mbwa. Na kama kimetengenezwa kwa ile inayoandikwa xylitol kwenye pakiti, kwa mbwa ni sumu: kinalazimisha kongosho kumwaga insulini na sukari yake inashuka, mara nyingi ndani ya saa moja. Baadhi ya bazoka zisizo na sukari zinayo pia. Vivyo hivyo vidonge vya babu. Mbwa mzima kabisa akimeza glibenklamaidi anaweza kuanguka kwa sukari kushuka na akaendelea kushuka kwa saa nyingi. Kichukue kile kikaratasi cha vidonge uende nacho kwa daktari.

Wanaozalisha watoto wa mbwa, hili linawahusu pia. Mtoto mdogo mwenye minyoo mingi, aliyepigwa baridi au asiyenyonya anashuka sukari bila kisukari chochote. Analegea, anakuwa baridi, analia kwa sauti nyembamba. Mpe joto kwanza, mpake asali au glukosi kwenye fizi, kisha shughulikia chanzo. Ukimlazimisha kunywa maziwa akiwa wa baridi hayasagiki tumboni. Ila jike linalonyonyesha likianza kutetemeka, kukakamaa na kuhema wiki chache baada ya kuzaa, hapo mara nyingi ni upungufu wa kalsiamu, na dawa yake ni sindano ya daktari ya kwenye mshipa. Asali haitamwamsha.

Ikiwa ni sumu ya ketoni

Hapa maelezo yangu ni mafupi kwa sababu nyumbani hakuna kikubwa cha kufanya. Mbwa huyu anahitaji dripu, insulini ya kufanya kazi haraka inayotolewa kwa kupimwa kila baada ya muda, na kupimwa potasiamu, maana insulini inaisukuma potasiamu iingie kwenye seli na moyo unaweza kusimama. Mara nyingi analazwa siku kadhaa. Usijaribu kumchoma dozi kubwa ya insulini kwa hasira ya kuona mashine imeandika HI. Akiwa hatapiki, maji yawepo karibu anywe mwenyewe. Nenda.

Unachoweza kufanya ni kuigundua mapema. Vikaratasi vya kupimia mkojo vinavyoonyesha sukari na ketoni vinauzwa maduka ya dawa za binadamu. Kinga mkojo wa asubuhi kwenye kifuniko cha ndoo, chovya, soma rangi kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Sukari peke yake kwenye mkojo wa mbwa anayetibiwa si jambo la kukimbiza usiku. Ketoni pamoja na mbwa asiyekula au anayetapika, hiyo ni safari ya leo, hata kama ni Jumapili.

Na ukiona ketoni kwa mbwa aliyekuwa anaendelea vizuri, tafuta kilichochokoza. Mara nyingi kuna kitu kingine nyuma yake: maambukizi ya njia ya mkojo, usaha kwenye kizazi, kongosho kuvimba baada ya kula mafuta mengi ya machinjioni, au insulini iliyoharibika. Insulini inakaa nyuzi 2 hadi 8, haigandi. Ikiganda hata mara moja, itupe. Ikikaa kwenye dashibodi ya gari juani, itupe pia. Kwenye maeneo yasiyo na umeme watu hutumia mtungi wa udongo wenye maji kivulini, unasaidia kupunguza joto, lakini muulize daktari chupa yako inavumilia nini.

Dawa za shambani zinazomharibia

Hili sijaona likisemwa sana. Dawa nyingi za kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe zina amitrazi, na vijana wakimaliza ng'ombe wanamgeukia mbwa na maji yaleyale ya kwenye bomba la mgongoni. Amitrazi inapandisha sukari, inapunguza mapigo ya moyo na kumlegeza mnyama. Kwa mbwa mwenye kisukari haifai kabisa. Soma kibandiko, na mwombe daktari dawa nyingine ya kupe.

Deksamethasoni nayo. Ni sindano inayochomwa ovyo sana huku mitaani, mnyama akichechemea deksa, akijikuna deksa. Dawa za kundi hilo zinafanya kazi kinyume na insulini. Mbwa aliyekuwa ametulia anaweza kuharibikiwa kwa sindano hiyo. Na zile sindano za kuzuia jike lisipate mimba, zenye homoni ya kundi la projesteroni, zinaweza kuwa chanzo cha kisukari chenyewe. Kama hutaki watoto, mfunge kizazi. Kwa jike ambalo tayari ni mgonjwa, madaktari wengi watakushauri hivyohivyo, kwa sababu kila akiingia joto dozi inavurugika.

Kuhusu vidonge vya kisukari vya binadamu, jibu fupi: kwa mbwa havifanyi kazi hiyo. Kongosho yake haina cha kukamuliwa. Ni insulini tu, na kwa wengi ni ya maisha yote.

Kabla hujaamua kumtibu

Wewe ni mfanyabiashara, kwa hiyo tuongee hesabu. Mbwa wa yuniti 12 mara mbili anatumia yuniti 24 kwa siku. Chupa ya mililita 10 yenye yuniti 100 kwa mililita ina yuniti 1,000, inatosha siku 41. Lakini chupa ikishafunguliwa vibandiko vingi huruhusu wiki 4 hadi 6 tu, kwa hiyo weka kwenye bajeti kwamba utanunua chupa mpya karibu kila mwezi hata kama dawa imebaki. Ongeza mabomba mawili kwa siku, safari za kupima, na stripu za mashine. Ulizia bei ya dukani kwako uzidishe mwenyewe. Kuna mtu ataona haiwezekani, na mimi sitamtukana. Kumwomba daktari amlaze mnyama kwa sindano bila maumivu ni uungwana kuliko kumwacha afe kwa ketoni nyuma ya banda kwa siku nne.

Ukiamua kumtibu, kazi kubwa ni ratiba. Milo miwili, saa 12 kati yake, chakula kilekile kwa kiasi kilekile, sindano ikija na mlo. Kwanza ale, ndipo uchome. Asiyekula hachomwi dozi kamili; daktari akuandikie mapema kwenye karatasi ufanye nini siku hiyo. Usimwache ajilishe kuku waliokufa, kwanza si salama, pili huwezi kujua amekula nini.

Mashine ya kupimia ya binadamu inafaa kwa kuanzia, unatoboa ukingo wa sikio au ndani ya mdomo wa juu. Jua tu kwamba kwa mbwa mara nyingi inasoma chini kidogo ya ukweli, na ikiwa imewekwa kwenye mg/dl gawanya kwa 18 upate mmol/L. Ikisoma chini na mbwa ana dalili, usianze kubishana nayo, mpe glukosi.

Sindano mbili kwa bahati mbaya ndiyo hatari ninayoiogopa zaidi kwenye mashamba yenye wafanyakazi. Kijana wa banda anachoma saa moja, bosi anafika saa mbili, anaona chupa mezani, anachoma tena. Una daftari la mayai, sivyo? Chora safu nyingine: saa, amekula au hajala, yuniti ngapi, nani amechoma, sahihi. Mtu mmoja tu ndiye awe na kazi hiyo kwa wiki nzima. Ukikuta safu haijajazwa na mwenye kuchoma hapokei simu, ruka dozi hiyo. Kukosa sindano moja mbwa atavumilia, kuchomwa mbili huenda asifike asubuhi.

Na mlinzi wa usiku aambiwe wazi. Sindano ya saa moja jioni huwa na nguvu zaidi kati ya usiku wa manane na alfajiri, na hizo ndizo saa ambazo wewe umelala. Bandika ukutani getini pakiti ya glukosi, glovu, bomba lisilo na sindano, namba ya daktari na namba ya bajaji moja inayokubali kubeba mbwa. Hiyo ya mwisho itafute mchana, maana saa tisa usiku wengi watakukatalia.